Programu ya msamiati wa Kiingereza inatulisha uongo kuhusu asili ya maneno, tena kwa kulipia!

Wakuu, nisiposema leo nitapasuka.

Kuna programu inayokuletea kila asubuhi neno la Kiingereza, maana yake na asili yake. Leo wameleta "news". Eti ni North, East, West, South, habari za pande zote nne za dunia! Nani kawaambia? "News" ni "new" iliyotiwa wingi, mambo mapya, basi. Wafaransa nao walishasema "nouvelles" kwa mtindo huohuo. Halafu ni nani anayetaja pande za dunia kwa mpangilio huo?

Kabla ya hapo ilikuwa "golf": Gentlemen Only, Ladies Forbidden, yaani wanaume tu, wanawake marufuku. Uongo mtupu. Mwaka 1457 bunge la Uskoti lilipiga marufuku mchezo huo, na jina tayari lipo, kwa sababu watu waliacha mazoezi ya upinde na mishale. Karne ya 15 nani alikuwa anaokota herufi za mwanzo kuunda maneno? Mtindo huo umeshamiri karne ya 20. "Radar" na "laser" ndizo za kweli. Ukiambiwa neno la kale ni kifupisho, shika mfuko wako.

Kinachoniuma zaidi, asili za kweli ni tamu kuliko hizo za kutunga. "Nice" chimbuko lake ni Kilatini, "nescius", asiyejua kitu. Zamani ukimwita mtu "nice" umemtukana kuwa ni mjinga. "Muscle", yaani msuli, kwa Kilatini ni kipanya, "musculus". Na "island"? Ile "s" haikuwemo. Wasomi waliichomeka wakidhani neno lina undugu na "isle", ambalo ni la Kilatini, kumbe wapi! Yaani mpaka leo tunakosea imla kwa sababu kuna watu waliamini asili ya uongo, na hawa wanaendeleza kazi ileile.

Nimewaandikia. Wakajibu kwamba stori hizo zinawasaidia wanafunzi kukumbuka. Sawa, ziiteni mbinu za kukumbukia. Mbona juu yake mmeandika "Asili ya neno"?

Neno la kesho wameshalitangaza: "posh", yaani ya kifahari. Ile stori ya kutunga ya Port Out, Starboard Home (kwenye meli, kushoto wakati wa kwenda, kulia wakati wa kurudi) inakuja, naiona kabisa. Nimelipia mwaka mzima. Kuna aliyewahi kudai hela yake kwenye programu za namna hii akarudishiwa? Anipe utaratibu.