Kidole cha mafuta ya sato kwenye simu yangu, eti "hapa si Kamanga?" NIMECHOKA!

Redguard wa Mabatini:
Wakuu, salamu baadaye. Wasimamizi naomba huu uzi msiupeleke jukwaa la vichekesho, hapa hakuna cha kucheka. Nimetoka sasa hivi banda la gemu Kirumba, hapa Mwanza, naandika nimesimama kando ya barabara, mikono inatetemeka.

Yule jamaa. Jina sitaji. Wa Kirumba mnamjua, wa Pasiansi mnamjua, sangara wa ziwa zima wanamjua. Yule anayevaa mzula jua la saa nane. Yule ambaye tangu azaliwe hajawahi kushika gemu lisilo na goli.

Leo kaniwekea kidole kwenye simu. Kidole chenye mafuta ya sato!

Iko hivi. Nilikuwa nawaelewesha madogo wawili, kwa ustaarabu kabisa, kwa nini gemu la Elder Scrolls la sita, hili tunalolisubiri, lazima liwe Hammerfell, moja ya nchi za kubuni za humo ndani. Na sikukurupuka. Ile trela ya Juni 2018 nimeitazama kuliko nilivyotazama picha za harusi ya wazazi wangu. Sekunde 36 wakuu! Sekunde 36 tu, tumekaa nazo miaka yote hii kama mjane na picha ya marehemu ukutani. Mawingu, milima, maji kwa mbali, jina, kwisha. Lakini mwenye macho haambiwi tazama. Milima mikavu vile na pwani pembeni, itakuwa wapi? Halafu mkesha wa kuingia 2021 wakatupia picha ya ramani na mishumaa juu yake. Mshumaa hauwekwi hovyo. Mama yangu mwenyewe umeme ukikatika haweki mshumaa hovyo.

Nina daftari la haya mambo. Ndiyo, daftari, lile kubwa la kaunta. Chekeni.

Sasa nimesimamisha trela pale kwenye ufuo, madogo wameinama wanaangalia. Jamaa yuko kwenye benchi anamalizia kichwa cha sato, ananyonya jicho. Mtu ananyonya jicho la samaki huku anapewa elimu bure! Akainuka. Hakunawa. Narudia, HAKUNAWA. Akaja na kile kidole, akakibandika katikati ya skrini, pale pale kwenye ufuo, akapaza sauti kama mpiga debe wa Buzuruga: "Hapa si Kamanga hapa?" Kamanga! Pale penye kivuko cha Sengerema!

Banda zima chini. Alipotoa kidole kikabaki kipande cha nyama ya sato juu ya maji. Akakionyesha: "Na kivuko chenyewe hicho kinaondoka!"

Madogo wakagaragara. Mwenye banda, ambaye kwa hela zangu nadhani kashajenga choo, akagaragara. Mama wa samaki pale nje, asiyejua Skyrim, Elder Scrolls ya tano, ni ya kula au ya kuvaa, kashikilia nguzo anafuta machozi.

Mimi Skyrim nimelicheza tangu lile la 2011, lilivyotoka upya 2016 nikalinunua tena. Nyongeza zake nazo: Dawnguard nimeimaliza pande zote mbili. Dragonborn nimemaliza. Hearthfire nimejenga majumba matatu humo ndani wakati mwenyewe napanga chumba kimoja mlimani, maji napanda nayo kichwani. Halafu mtu wa penati aje anitolee ufuo wangu kwa kidole?

Natoka, bodaboda ananiita: "Kamanga, twende?" Hata dakika tano hazijapita! Habari imenitangulia barabarani!

Skrini nimeipangusa na shati mara tatu. Bado inanuka, na kila nikigusa herufi inateleza. Naombeni ushauri, na asije mtu kuniambia nisamehe.

Jiwe Juu ya Jiwe:
Kamanga, umefika salama?

Mvukaji wa Sengerema:
Nimetumia bando langu kwenda kuiangalia hiyo trela. Ndugu yangu, mimi navuka pale kila Jumatatu. Ni Kamanga. Mwenzio kasema kweli, kakosea kutonawa tu.

Furu Mkavu:
Wote wawili hamna kitu, ni High Rock, nchi jirani. Daggerfall, Elder Scrolls ya pili ya 1996, ilikuwa na ghuba ya Iliac, High Rock ng'ambo hii, Hammerfell ng'ambo ile. Ukionyeshwa maji na kilima unajuaje umesimama ng'ambo ipi? Mtu akipiga picha maji na jiwe moja, utasema ni Mwanza au ni Sengerema?

Redguard wa Mabatini:
Furu Mkavu usinichanganye leo. Mada ni kidole.

Bint Nansio:
Nyie watu wa gemu mnaoa lini?

Mzee wa Kimya:
Eti analia ana sekunde 36. Sisi wa Bloodborne sekunde hizo tungezifanyia sherehe. Gemu limetoka Machi 2015, Novemba mwaka huo huo wakatupa nyongeza ya The Old Hunters, baada ya hapo kaburi. Muendelezo hakuna. Picha inakwenda fremu 30 kwa sekunde mpaka leo. Kila yakitangazwa maonyesho ya gemu nanunua bando la usiku, nakesha, jogoo anawika sijaona hata kivuli, naenda kazini macho mekundu bosi anadhani nimelewa. Mimi hicho kidole ningekilamba kabisa kama kingenionyesha ufuo wowote.

Dogo wa Igoma:
Kimya kina afadhali, kina matumaini. Sisi wa Baldur's Gate 3 tuliachwa mchana kweupe. Machi 2024 bosi wa watengenezaji kapanda jukwaani, kasema nyongeza hakuna na la nne halitatengenezwa na wao. Nilikuwa nimeshachagua mpaka jina la mhusika wangu wa la nne.

Jiwe Juu ya Jiwe:
Jina gani? Kamanga?

Kobe Mstaafu:
Swali dogo kwa mleta mada. Unachezea nini?

Redguard wa Mabatini:
PS4. Kwani vipi?

Kobe Mstaafu:
Aah, basi tu. Hao watengenezaji walishanunuliwa na Microsoft, wenye Xbox, wapinzani wa hiyo PS4 yako, tangu 2021. Na mkubwa wa Xbox alisema mwenyewe mahakamani 2023 kuwa hilo gemu liko mbele miaka mitano na ushee. Kwa hiyo iwe Hammerfell au iwe Kamanga, wewe nauli huna.

Redguard wa Mabatini:
Nauli nitaitafuta!! HAKUNAWA mkuu! Mbona hilo mnaliruka?

Shamba la Geita:
Tukiongelea kuumizwa, kuna mtu nilimwazima CD ya Witcher 3, ile yenye nyongeza ya Blood and Wine humo humo. Kahamia nayo Geita. Nikipiga simu ananiambia "subiri kaka, bado natengeneza shamba la mizabibu." Miezi saba! Mazimwi hayauawi, jamaa kageuka mkulima. Na mimi nilitaka nilimalize kabla la nne, lile la Ciri, halijatoka, wameshalionyesha tangu Desemba 2024.

Mzee wa Kimya:
Umeonyeshwa na bado unalalamika. Mungu anakuona.

Bint Nansio:
Samahani kutoka nje ya mada. Huyo mama pale Kirumba kichwa cha sato anauza shilingi ngapi? Huku Buzuruga nimetoa buku tatu, kichwa hakina hata jicho.

Mvukaji wa Sengerema:
Jicho alishanyonya muuzaji.

Furu Mkavu:
Hao wa siku hizi ni sato wa vizimba, wanalishwa chakula cha mfuko. Kichwa kikubwa, utamu hakuna.

Shamba la Geita:
Wa vizimba ana shida gani? Mnene, hana harufu ya matope. Wewe umezoea furu ndiyo maana.

Furu Mkavu:
Futa kauli. Furu kakulea wewe na ukoo wako.

Bint Nansio:
Bei jamani. Nimeuliza bei.

Redguard wa Mabatini:
Hivi kuna mtu anasoma nilichoandika?

Mtu wa Penati:
Nauza pedi ya PS4. Nzima, haijawahi kufunguliwa. Ile stiki ya kushoto inajivuta kidogo tu yenyewe. Elfu 35.

Jiwe Juu ya Jiwe:
Inajivuta kuelekea wapi?

Mtu wa Penati:
Kamanga.

Dogo wa Igoma:
😂😂😂 Nimemwaga chai.

Mvukaji wa Sengerema:
Sato wa mwaloni, asubuhi kabla ya saa moja, ndiye sato. Wengine wote ni maneno.

Redguard wa Mabatini:
Mkuu wa pedi, bado ipo? Yangu kitufe cha R2 kimekufa tangu wiki iliyopita. Unapatikana wapi?

Mtu wa Penati:
Ipo. Njoo bandani Kirumba, ulizia mwenye mzula.

Redguard wa Mabatini:
Thelathini unachukua? Na uipanguse kwanza.