MJADALA: Seva ya ofisini, picha za tovuti zihamie diski ya pili au zibaki palepale?

Mleta mada, Sakina (Arusha)

Wakuu, tunaowatengenezea tovuti kampuni ndogo za utalii wengi sasa tunaziweka kwenye seva zetu, ofisini au nyumbani. Kinachotugawa ni picha. Mimi nasema zihamie diski ya pili, na nasema hivyo kwa sababu ndizo zinazokula nafasi. Mteja akipakia picha moja kubwa ya mgeni wake pale Uhuru, mita 5,895, WordPress, programu inayoendesha tovuti, inaitolea matoleo madogo kadhaa, ya pikseli 150 hadi 2048, na yote yanabaki. SSD, ile diski ya kasi, ikiwa ya GB 120 haichukui muda kujaa. Ikijaa, hifadhidata haiwezi kuandika, tovuti nzima inalala. Mfumo na hifadhidata vikae SSD, folda ya uploads, zinakokaa picha, ihamie diski ya kawaida ya TB 1.

Fundi, Majengo (Moshi)

Mkuu, napinga. Mwaka jana umeme ulikatika usiku ukarudi alfajiri. Seva ikawaka, diski ya pili haikuonekana. Ilikuwa ya USB. Kwenye fstab, faili linaloiambia seva diski za kupandisha ikiwaka, nilishaandika nofail ili seva isigome kuwaka diski ikikosekana, basi ikawaka na folda tupu mahali pa diski. Mteja akaendelea kupakia picha za safari siku mbili, zote zikaingia diski ya kwanza, hakuna aliyejua. Nilipoirudisha diski, picha za zamani zikaonekana na zile mpya zikatoweka. Kumbe zipo kwenye folda ya diski ya kwanza, ila diski ya pili imepanda juu yake ikazifunika. Nilikesha kuzitafuta, mteja anapiga simu kila nusu saa. Diski moja ikifa unajua imekufa. Mbili zinakudanganya.

Mpiga picha, Njiro

Mnabishania diski wakati mgeni aliye Ujerumani anavuta picha kwa kasi ya kupakia ya intaneti ya ofisi. Punguzeni ukubwa wa picha kwanza. Halafu kuna wanaoiita diski ya pili bakapu. Picha ikiwa huko peke yake, bado ni nakala moja.

Mleta mada

Dada wa Njiro, hapo kwenye bakapu nakuunga mkono kabisa. Nakala nyingine ikae jengo jingine, maana mwizi akiingia anabeba seva na diski zake zote.

Mkuu wa Moshi, pole sana kwa usiku ule. Ila kilichokuumiza ni ile folda tupu kukubali kuandikwa. Kabla ya kumaunti diski, yaani kuipandisha kwenye folda, ifunge folda ikiwa tupu kwa chattr +i, amri ya Linux inayozuia folda kuandikwa. Hapo diski isipopanda, kupakia kunagoma palepale na mteja anakwambia siku hiyohiyo, na hakuna picha inayoingia pasipo pake. Diski yenyewe itaje kwa UUID, namba yake ya utambulisho, maana jina la /dev/sdb1 linalotolewa na mfumo linaweza kuhamia diski nyingine ukiwasha upya. Na USB achana nayo, funga diski ya SATA, inayoungwa kwa kebo ndani ya boksi la seva.

Fundi, Majengo (Moshi)

Hiyo ya chattr sikuwa naijua. Nitaijaribu kwenye mashine yangu wikiendi hii: nachomoa diski makusudi, nawasha, napakia picha, naona kama itagoma kweli. Ikigoma nitakubali nusu ya hoja yako. Nusu nyingine hapana: ofisi isiyo na UPS, betri ya akiba umeme ukikatika, siwezi kuifungia diski ya pili, hata mteja akinibembeleza.