Kibali cha maadili, Kisumu: nianze na NACOSTI au na kamati?

mwanafunzi_Seme
Hamjambo. Niko mwaka wa pili wa PhD. Pendekezo limepita idarani na barua ya shule ya uzamili ninayo. Nataka kuwahoji wasichana wa miaka 15 hadi 17 waliorudi shuleni baada ya kujifungua, katika shule za kutwa huku Seme. Niombe leseni ya NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu) kwanza au kibali cha kamati ya maadili ya utafiti? Na fomu ya ridhaa ya Kiswahili pekee itatosha?

Nyanza_Tafiti
Kamati kwanza, ndugu. NACOSTI hutoa leseni chini ya Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013, lakini watataka upakie barua ya kamati wanayoitambua. Chuo Kikuu cha Maseno wana kamati yao, JOOTRH, hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga hapa Kisumu, wana yao, na Kakamega iko ya MMUST, Chuo Kikuu cha Masinde Muliro. Leseni ikitoka, nakala iende kwa Kamishna wa Kaunti na kwa Mkurugenzi wa Elimu wa Kaunti, ndipo umwone mwalimu mkuu. Ruhusa yake inakufikisha ndani ya geti tu. Ridhaa ni ya msichana na mzazi wake.

Usimhoji mtu yeyote kabla ya hapo, hata kwa majaribio ya hojaji. Kamati haiidhinishi jambo lililokwisha kufanyika.

Maombi mengi hurudishwa kwa sababu karatasi hazipatani: pendekezo lina wahojiwa 24, fomu ya ridhaa inasema 30, na nauli kwenye bajeti ni ya watu 20. Kila hati iwe na namba ya toleo na tarehe chini ya ukurasa, na ukigusa hata sentensi moja, namba ibadilike. Unapojibu maoni ya kamati, nakili hoja yao, andika ulichorekebisha, kisha taja ukurasa.

mama_wa_ridhaa
Kwa Seme weka Dholuo pia. Mmoja atafsiri, mwingine ambaye hajaona nakala ya kwanza airudishe kwa Kiingereza, halafu mlinganishe. Pale penye "hiari" usitafute neno moja la kuziba pengo. Andika sentensi kamili: "Ukikataa, mtoto wako hatafukuzwa shule wala kupunguziwa alama." Nyanya asiyesoma aweke kidole gumba mbele ya shahidi asiye wa timu yako.

Usijiamulie kwamba msichana akishakuwa mama anaweza kutia sahihi peke yake. Aliye chini ya miaka 18 anahitaji ridhaa ya mzazi au mlezi, na yeye mwenyewe akubali. Ukiona kumhusisha mzazi kutamdhuru, eleza sababu kwenye ombi ili kamati iamue.

Sasa jambo zito zaidi. Fomu nyingi huahidi "siri kabisa", na kwa utafiti wako ahadi hiyo haitekelezeki. Kwa Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 2006, mtoto wa miaka 15 hawezi kuridhia ngono, kwa hiyo mazungumzo yenyewe yanaweza kufichua kosa la jinai. Fomu iseme waziwazi ni jambo gani litakalokulazimu kumwambia mtu mwingine, na nani. Panga na afisa wa watoto na mshauri nasaha kabla ya mahojiano ya kwanza, uambatishe barua zao. Halafu fikiria utakavyowaita: msichana akitolewa darasani kwa jina, shule nzima imeshajua kwa nini.

mwanafunzi_Seme
Ahsante sana, mama. Sehemu ya siri nitaiandika upya. Kibali hudumu muda gani, na nikitaka kuongeza shule moja?

Nyanza_Tafiti
Kwa kawaida mwaka 1. Ombi la kuendelea lipelekwe angalau siku 60 kabla hakijaisha. Shule mpya ni badiliko la pendekezo: iombe kwanza, usiingie ukitegemea barua ya zamani. Msichana akidhurika kutokana na mahojiano, kamati ipate taarifa ndani ya saa 72. Muhtasari wa matokeo uifikie kamati ndani ya siku 90 baada ya kumaliza. Na shuleni beba fomu zilizopigwa muhuri wa kamati, nakala 2 kwa kila mhojiwa. Moja inabaki kwake, ila muulize kwanza kama ni salama karatasi hiyo kuonekana nyumbani.