Gesi inanikata, mkaa unanisuta. Nifanyeje wakuu?

Mpangaji_Tandika: Wakuu habari za jioni. Kwetu ni Kisarawe, nikienda siku hizi lile pori tulilokuwa tunaokota kuni limebaki visiki, lote limekuja huku Dar kwa magunia na mimi ni mmoja wa wanunuzi. Roho ikanisuta nikahamia gesi, mtungi wa kilo 6. Siku ya 19 ukakata jioni na mfukoni nina buku mbili, sasa gesi ya buku mbili unaipata wapi? Mkaa wa kopo unapata, ugali unaiva, mtoto analala. Afu kila siku naweka elfu tatu kwenye kibubu, nawaza kiwanja Chanika. Hapo naokoa pori au nanunua kiwanja?

Mama_Genge: Mdogo wangu gesi haijakukata, maharage ndo yamekukata. Yaloweke toka usiku, umwage yale maji, yakianza kulainika funika sufuria uzime yajiivie. Gesi iwe ya chai na mboga.

fundi_luku: Nunua jiko la presha la umeme, maharage hayamalizi hata nusu yuniti. Kama luku yenu ni ya matumizi madogo yuniti ni sh 100 kabla ya kodi na tozo mpaka zifike 75 kwa mwezi, mkaa haufui dafu

Mpangaji_Tandika: Mkuu luku moja wapangaji sita 😂 hizo 75 tarehe 10 hazipo, na baba mwenye nyumba hata pasi anaisikilizia mlangoni.

kijana_wa_Buza: Kuna ule mkaa wa STAMICO, shirika la madini la serikali, unaitwa Rafiki Briquettes, hapo hakuna mti uliokatwa

Mama_Genge: Ule si makaa ya mawe ya Kiwira? Umeacha mti umechoma mlima, haya.

Mzee_wa_Kibubu: Serikali yenyewe imejipa mpaka 2034 ndo asilimia 80 tuwe kwenye nishati safi ya kupikia, wewe unataka umalize leo na chumba kimoja? Tafuta ile mitungi yenye mita, unalipia kwa simu hata buku, ukiwa nayo unapika, huna unalala. Ila niseme kitu ambacho hamkigusi, yule mama muuza mkaa. Mimi nilivyohamia gesi nilikuwa nazunguka uchochoro wa nyuma nisipite mbele ya meza yake maana alinikopesha miezi miwili sina kazi, hadi leo namnunulia kopo moja kila Jumamosi na kwa kweli sijui nanunua mkaa au nalipa deni.

Mpangaji_Tandika: Mzee umenipiga kwenye mshono. Wa kwetu pia ananikopesha. Nimekaa na waifu, gesi chai na mboga, maharage Jumamosi kwa kopo la mama, kibubu tunashusha iwe buku mbili kwanza.

kijana_wa_Buza: Na hiyo mitungi ya mita huku Buza ipo? Mwenye uhakika aseme