Naomba ushauri: wakala wa ajira kachukua CV yangu, sasa kimya

Tausi_wa_Juu: Wakuu, salaam. Wakala alinipigia, akachukua CV, wiki ya pili hii kimya. Nimsumbue au nisubiri? Nataka tuelewane naye kwa muda mrefu, si kwa nafasi hii moja tu.

Mdau wa Ajira: Mkuu, jua kwanza nani anamlipa. Ni mwajiri, kwa kawaida asilimia ya mshahara wa mwaka wa kwanza, na wengi hawapati kitu mpaka mtu aajiriwe. Kwa hiyo anamtafutia mwajiri mtu, hakutafutii wewe kazi. Mara nyingi akinyamaza, ujue na yeye hajajibiwa.

Kila mkiongea, maliza kwa kuuliza: "Nitegemee jibu lini?" Siku hiyo ikipita, mpe siku mbili za kazi, kisha tuma ujumbe mfupi. Kupiga kila siku kunamfanya aache kupokea simu zako.

Mrahisishie kazi pia. Mwandikie ujumbe mmoja wenye cheo unachotaka, mshahara wa chini utakaoukubali, urefu wa notisi yako ya kuacha kazi, na kampuni ambazo tayari umeomba. CV mpe ya Word, maana wengi huondoa namba yako ya simu na kuweka nembo yao kabla ya kuipeleka.

Bi Mshauri: Hapo kwenye kampuni ulizokwisha kuomba ndipo watu wanapoharibikiwa. CV yako ikimfikia mwajiri mmoja kupitia mawakala wawili, linazuka swali la nani alipwe, na wapo waajiri wanaoona heri wakuache kuliko kuamua ugomvi huo. Huna kosa lolote, lakini unayeumia ni wewe. Mawakala wawili au watatu wanatosha, na kila mmoja mwandikie hivi: "Tafadhali usiitume CV yangu popote kabla hujanitajia kampuni nami nikakubali kwa maandishi." Kisha weka daftari: tarehe, wakala, kampuni, cheo.

Tausi_wa_Juu: Nashukuru sana dada. Na mshahara wa sasa, nikiuongeza kidogo?

Bi Mshauri: Hapana, mdogo wangu. Ukija kuombwa hati ya mshahara mwishoni, ofa inaweza kufutwa na wakala hatakuamini tena. Taja unachotaka kulipwa, basi.

Mdau wa Ajira: Ukitoka kwenye usaili, mpigie siku hiyohiyo. Mweleze maswali uliyoulizwa na lile uliloshindwa kulijibu vizuri, ili akiongea na mwajiri aweze kukutetea. Ukipata ofa kwingine, mwambie mapema, asije akaumbuka mbele ya mteja wake.

Jicho la Tai: Akikudai ada ya usajili, achana naye. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, ibara ya 7, unakataza mawakala binafsi kuwatoza wafanyakazi, isipokuwa pale ambapo nchi imeruhusu kwa makundi au huduma maalumu. Hata kama nchi yako haijauridhia, wakala anayelipwa na mwajiri hana sababu ya kukutoza wewe.