Mjadala: Urithi wa mtoto mwenye ulemavu wa akili uandikwe kwa jina la nani?

Ndugu wachangiaji, hoja iliyotangulia ilisema kwamba mzazi wa mtoto mwenye ulemavu wa akili hana haja ya kuhangaika na nyaraka. Amwachie mali kaka au dada wa mtoto huyo, kwa kuwa damu ni nzito kuliko maji. Naiheshimu hoja hiyo, lakini siikubali.

Mali ikishaandikwa kwa jina la ndugu, kisheria ni yake. Akifilisika, wadai wake wataifuata. Na akitangulia kufa, itakwenda kwa mwenzi na watoto wake, ambao hawakumwahidi mzazi huyo lolote. Hakuna aliyefanya uovu hapo, na bado mlengwa amebaki mikono mitupu.

Kumwandikia mtoto mwenyewe moja kwa moja nako kuna mtego, hasa penye misaada ya serikali inayotolewa kwa kupima uwezo. Nchini Marekani, kwa mfano, mtu mmoja anayepokea SSI, yaani posho ya serikali kwa wazee na watu wenye ulemavu wenye kipato kidogo, hatakiwi kuwa na akiba inayozidi dola 2,000, kiwango kilichodumu tangu 1989, hivyo hata urithi mdogo unaweza kumkatia posho.

Ndiyo maana naunga mkono amana, yaani mali kushikwa na wadhamini kwa manufaa yake. Hata hivyo, wadhamini wasimnyamazishe: Ibara ya 12 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, wa mwaka 2006, inamtambulia haki ya kumiliki na kurithi mali sawa na wengine. Kwa hiyo mzazi aambatanishe barua ya maelekezo, inayoeleza dawa na saa zake, namna anavyoonyesha kuwa anaumwa ikiwa hasemi, sauti zinazomtia hofu, na mtu anayekubali amnyoe. Barua hiyo kwa kawaida haina nguvu ya kisheria, lakini kwangu ina uzito kuliko kifungu chochote cha wosia, kwa sababu mambo hayo mzazi akifa nayo hayarudi.

Linalonitatiza ni nani awe mdhamini. Ndugu anamjua mlengwa. Taasisi haizeeki, ila hutoza ada inayoweza kuimaliza amana ndogo. Mimi napendekeza ndugu wawili wa rika tofauti, wanaotoa hesabu kila mwaka kwa mtu wa tatu asiyenufaika na mali hiyo. Wenye njia bora ya kuwakagua, tafadhali ielezeni.