Naomba ushauri: kipimo cha mishipa ya damu ya jicho bila sindano kinatosha?

Habari zenu wakuu, mama yangu ana sukari miaka mingi na sasa macho yanamsumbua, anaona vitu vyeusi vinaelea. Daktari anataka picha ya mishipa ya retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga) na njia ziko mbili. Ile ya kuchomwa dawa ya rangi mkononi alishafanyiwa, akatapika, ngozi ikawa njano na mkojo rangi ya chungwa, hataki hata kuisikia. Nyingine ni OCT anjiografia, mashine inamulika mwanga wa infraredi (usioonekana kwa macho) inapiga picha sehemu ileile mara kadhaa, panapobadilika ndo damu inatembea, na inatenganisha mishipa ya juu na ya ndani tabaka kwa tabaka, kwa kweli hapo nimeipenda sana. Ila haionyeshi mshipa unaovuja, na jicho likicheza picha inaharibika, na mama kutulia kuangalia sehemu moja ni kazi kweli. Mliopitia hili au mnaofanya kazi kliniki za macho, hiyo pekee inatosha daktari kuamua leza au sindano ya jicho? Na mgonjwa asiyetulia mnamsaidiaje, matone ya kulainisha jicho kabla ya kipimo yanasaidia? Kliniki yake ni Jumatano, nisaidieni jamani.